Kazi Iliyofanyika Bila Shahidi: Wanafunzi wa Afya na Kumbukumbu za Walichokitenda

Mwaka jana niliombwa kukaa katika jopo la usaili wa nafasi mbili za mkataba katika hospitali moja ya mkoa wetu wa Tabora. Asubuhi ile tuliwasikiliza wasailiwa kumi na mmoja, wote wenye shahada au stashahada za afya, wote wamebeba bahasha za kaki zilizojaa nakala za vyeti zenye mhuri wa wakili. Wa saba kuingia alikuwa binti mwenye shahada ya uuguzi, mzaliwa wa Sikonge, aliyesoma chuo kikuu kimojawapo cha Kanda ya Ziwa. Alitoa shikamoo, akaketi, akajibu maswali ya taaluma bila kuyumba. Ndipo mwenyekiti wetu akamwuliza swali la uongozi: "Tueleze jambo moja ulilowahi kulisimamia mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa kweli sijawahi kusimamia kitu, nilikuwa mwanafunzi tu." Tukaandika alama zetu kwenye fomu.

Mwishoni, kama ilivyo desturi, aliulizwa kama ana swali. Alikuwa nalo moja: "Mwezi wa Desemba shule zikifungwa, hapa hospitalini damu mnaipata wapi?"

Swali hilo haliulizwi na mtu aliyelikuta kitabuni. Sehemu kubwa ya damu inayokusanywa katika nchi yetu hutoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na kwa hiyo shule zinapofungwa akiba hupungua, wakati akina mama wanaojifungua na watoto wenye malaria kali hawaendi likizo. Tulipomdadisi ndipo ilipobainika kwamba kwa miaka miwili alikuwa ndiye mtunza daftari wa klabu ya wachangia damu chuoni kwao. Mwanamume anaruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne, kwa hiyo kila jina katika daftari lake lilikuwa na tarehe yake ya kurudi. Kila Jumapili jioni aliwapigia simu wale ambao zamu yao ilikuwa inafika wiki hiyo. Ilipokuwa inakaribia Novemba alikwenda kwenye vijiwe vya bodaboda, gereji na kwa wauza mitumba kutafuta wachangiaji wapya, ili Desemba isilikute daftari tupu. Hiyo ni kazi ya kupanga mahitaji, kutunza kumbukumbu, kuwashawishi watu wasiokujua, na kuliona tatizo mwezi mzima kabla halijafika wodini. Wapo wakuu wa idara wanaolipwa mshahara ambao hawaifanyi.

Lakini fomu ilikuwa imeshajazwa, na kwa haki ya wasailiwa wengine haikuweza kufunguliwa upya. Hakupata nafasi. Waliopata walistahili kwa alama zao na sina neno juu yao. Ninachotaka kukijadili hapa ni namna ambavyo mtu anaweza kufanya kazi ya miaka miwili, kuifanya vizuri, kisha akaulizwa ana kwa ana na akajibu kwa unyofu kabisa kwamba hajafanya kitu.

Jibu la haraka, ambalo nimelisikia mara nyingi katika semina za ajira, ni kwamba vijana hawajui kujieleza na wafundishwe kuandika wasifu. Sikubaliani nalo, au tuseme nalikubali kwa sehemu ndogo tu. Binti yule hakukosa maneno. Alikosa siku ambayo mtu mwenye mamlaka chuoni alimwambia kwamba anachokifanya ni kazi, kikaandikwa na kutiwa sahihi. Mwanafunzi huamini kuwa ni kazi kile ambacho chuo kinakihesabu, na chuo kinahesabu mitihani, mazoezi ya wodini na tasnifu. Yaliyobaki huitwa shughuli za nje ya masomo, na jina lenyewe linamwambia ayaache mlangoni. Kwa hiyo kumsaidia mwanafunzi kunaanzia kwa aliye juu yake, kwenye suala la ushahidi, kabla hatujafika kwenye ufundi wa kuandika.

Lakini je, mambo hayo kweli yako nje ya masomo? Chuo cha Kifalme cha Matabibu na Wapasuaji cha Kanada kilipitisha mwaka 1996 mfumo uitwao CanMEDS, ambao umeigwa katika nchi nyingi, na ambao unaeleza nafasi saba anazopaswa kuzimudu daktari: mtaalamu wa tiba, mwasilianaji, mshirika katika kazi, kiongozi, mtetezi wa afya ya jamii, msomi na mwanataaluma mwadilifu. Nafasi ya kwanza ndiyo inayopimwa zaidi na mitihani yetu. Nyingine sita mwanafunzi huzijenga popote panapompa nafasi ya kuzitumia, na mara nyingi mahali hapo si ukumbi wa mihadhara. Anayetunza daftari la wachangia damu anajifunza uuguzi, hata kama ratiba ya masomo haisemi hivyo.

Kuna pia malezi yetu, ambayo siyalaumu ila lazima niyataje. Tumekua tukiambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kijana anayeeleza mafanikio yake mbele ya wakubwa huonekana amekosa adabu. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, pale mnunuzi anapolishika embe, akaligeuza na kulinusa. Katika usaili, chema kimo ndani ya bahasha ya kaki, na mnunuzi ana dakika ishirini tu. Hata hivyo nadhani hekima ya methali inaweza kuheshimiwa kwa njia nyingine: kijana asijisifu mwenyewe, bali aliyemwona akifanya kazi ndiye aandike. Jamii yetu haijawahi kuona aibu kusikiliza ushahidi wa mtu wa tatu.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya bahasha hizo. Jirani na lango la hospitali au chuo huwa kuna steshenari, na kwenye kompyuta ya steshenari huwa kuna faili moja la wasifu ambalo mhudumu hulifungua, akabadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa na shule, akachapa. Katika usaili ule ule, wasifu wa watu wanne kati ya wale kumi na mmoja ulikuwa na kosa lile lile la tahajia, mahali pale pale, kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya kuwajibika. Wote wanne walikuwa wachapakazi, wote walipenda kufanya kazi kwa ushirikiano, wote waliweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Hakuna aliyesema ni shinikizo gani, siku gani, na alifanya nini lilipomfikia.

Sidhani ni uvivu. Kwa kiasi kikubwa ni suala la lugha. Kazi ilifanyika kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, kwa Kiha, katika simu za jioni na maongezi ya kijiweni, lakini wasifu unatakiwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anapoketi kuandika, kumbukumbu yake iko katika lugha moja na karatasi iko katika nyingine, na katikati hana daraja isipokuwa sentensi za kuazima. Ndiyo maana huwashauri vijana wanaokuja kwetu fildi waandike kwanza kwa lugha ambayo tukio lilitokea nayo, kwa urefu wanaoutaka, na kutafsiri kufanyike baadaye sana. Aliyeandika kwa Kiha kile alichokifanya atakuwa na cha kutafsiri.

Nitoe mfano wa Kigoma, ambako nilifanya kazi kwa muda kabla ya kurudi Tabora. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana kiasi kwamba Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Mkoa huo umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baada ya machafuko ya mwaka 2015 ikawapokea Warundi pia. Katika mazingira hayo mwanafunzi wa Kasulu au Buhigwe anayekuja fildi hugeuka mkalimani tangu siku ya kwanza, bila kuteuliwa na bila kushukuriwa. Nilimwuliza mmoja wao aliandika nini kwenye wasifu wake kuhusu kazi hiyo. Alikuwa ameandika: "Nina uwezo mkubwa wa mawasiliano na ninaweza kufanya kazi na watu wa aina zote."

Tulikaa naye kwenye benchi nje ya kliniki, nikamwuliza maswali ya kawaida tu: ulikuwa wapi, kwa muda gani, ulifanya nini hasa, ni kitu gani ulikigundua ambacho hukufundishwa, nani alikuona. Baada ya nusu saa sentensi yake ilikuwa hivi: "Kwa wiki nane katika kliniki ya wajawazito nilikuwa mkalimani kati ya wauguzi na akina mama wanaozungumza Kiha na Kirundi. Niligundua kwamba wengi huitikia ndiyo hata pale ambapo hawakuelewa, nikaanza kumwomba kila mama anirudishie kwa maneno yake maelekezo ya vidonge vya kuongeza damu kabla hajaondoka. Muuguzi msimamizi wa kliniki analifahamu hili." Hakuna sifa hata moja ndani ya maneno hayo. Hakuna mahali anapojiita mwasilianaji hodari. Msomaji ndiye anayefikia hukumu hiyo mwenyewe, na hukumu ambayo msaili ameifikia mwenyewe haimtoki.

Katika kumbukumbu za namna hii, sehemu yenye thamani kuliko zote ni ile ya kugundua. Kuhudhuria ni jambo jepesi. Miaka ya karibuni nimeona wimbi la vyeti vya ushiriki: semina ya siku moja, kongamano la mtandaoni, matembezi ya hisani, kila kimoja na cheti chenye nembo tatu na sahihi mbili. Vijana huvikusanya kwa bidii, na siwalaumu, kwa sababu tumewaonesha kwamba karatasi ndiyo inayoheshimiwa. Lakini George Miller, mwalimu wa elimu ya tiba wa Marekani, alieleza mwaka 1990 ngazi nne za umahiri ambazo walimu wa afya bado wanazitumia: kujua, kujua namna, kuonesha, na kutenda kazini. Cheti cha ushiriki hakifiki hata ngazi ya kwanza. Kinathibitisha kwamba mtu alikuwapo ukumbini. Sentensi ya mkalimani wa Kigoma iko kwenye ngazi ya nne, na haina nembo yoyote.

Hapa pia ni lazima tuwafundishe vijana mpaka wa ukweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba maambukizi ya malaria kwa watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 yalikuwa asilimia 23 katika mkoa wa Tabora, ya juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Ni jambo la kutia moyo kuona wanafunzi wa afya wakirudi likizo na kwenda mashuleni na misikitini kuzungumzia vyandarua. Lakini nimesoma wasifu unaodai kwamba mwombaji "alipunguza malaria katika kata." Hakuna mwanafunzi anayeweza kujua hilo kutokana na ziara tatu. Anachoweza kukijua ni alizungumza na watu wangapi, walimwuliza nini, na kwamba katika nyumba alizoingia alikuta vyandarua vimefunika bustani ya mchicha. Aandike hilo la mchicha, kwa kuwa ni la kweli, na kwa kuwa mganga mkuu anayelisoma atataka kumsikia zaidi.

Je, wenzetu wamefanyaje? Uingereza ililitafakari jambo hili mapema. Kamati iliyoongozwa na Profesa Robert Burgess, wakati huo makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Leicester, ilitoa taarifa mwaka 2007 ikisema kwamba daraja moja la shahada haliwezi kueleza yote aliyoyapata mhitimu, na kutokana nayo ikazaliwa hati iitwayo HEAR, ambayo tangu mwaka 2012 vyuo vikuu vingi vya huko vimekuwa vikiitoa pamoja na shahada. Ndani yake mna sehemu ya mafanikio ya nje ya mitaala: uwakilishi wa darasa, uongozi wa klabu, kujitolea, tuzo. Kanuni yake kuu ni kwamba chuo hakiandiki kile ambacho hakiwezi kukithibitisha.

Ninaipenda kanuni hiyo na ninaiogopa. Ninaipenda kwa sababu inatoa kile ambacho binti wa Sikonge alikikosa, yaani taasisi kusema kwa maandishi: tulimwona. Ninaiogopa kwa sababu chuo huthibitisha kwa urahisi yanayotokea ndani ya uzio wake. Kijana wa Ujiji ambaye wakati wa likizo huingia ziwani usiku wa giza kuvua dagaa ili apate ada haonekani katika hati kama hiyo. Binti aliyeahirisha muhula kumwuguza bibi yake mwenye kiharusi, akajifunza kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo, naye haonekani. Anayeonekana ni yule ambaye nauli, mlo na simu yake vinalipwa na mzazi, akabaki na jioni za kuwa katibu wa klabu tatu. Tukiiga hati ya Uingereza neno kwa neno katika mikoa yetu ya magharibi, tutakuwa tumewapa waliokuwa nacho karatasi ya pili.

Kwa hiyo napendekeza kumbukumbu yenye mashahidi wa aina mbili. Yale ya chuoni na hospitalini yatiwe sahihi na mlezi wa wanafunzi au msimamizi wa fildi. Yale ya mtaani yatiwe sahihi na mtu ambaye jamii inamtambua: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa mtaa, imamu, mchungaji, mwenye chombo cha uvuvi, mkuu wa zahanati. Tayari serikali humwamini mtendaji kuandika barua ya utambulisho kwa mambo mazito kuliko haya. Na kazi ya kulipwa, iwe kuvua dagaa, kuuza duka au kupakia tumbaku Urambo, ihesabiwe sawa na kujitolea. Kuamka usiku wa manane kwa miezi mitatu bila kukosa ni ushahidi wa kutegemewa, na kutegemewa ndilo jambo la kwanza ambalo muuguzi wa zamu anamtakia mwenzake anayekuja kumpokea.

Ombi langu si mfumo mpya wa kompyuta. Nimeona mifumo mingi ikizinduliwa kwa keki na kufa kabla ya mwaka kwisha. Wanafunzi wa afya tayari wanalo daftari la vitendo, lile wanaloliita logibuku, ambalo msimamizi hutia sahihi kila wanapochoma sindano, kuzalisha au kuweka dripu. Liongezewe kurasa chache mwishoni, kila ukurasa kwa tukio moja, wenye nafasi ya mistari kumi na sahihi. Ujazwe wiki ile ile, kwa sababu kumbukumbu ya mwanafunzi kuhusu fildi hufutwa na mtihani unaofuata. Na usiwe na alama.

Sharti hilo la mwisho nalisisitiza kuliko mengine. Mara kumbukumbu inapopewa alama, huanza kutengenezwa. Uingereza hiyo hiyo iliwahi kuhesabu machapisho na shahada za ziada katika kuwapanga madaktari wapya kwenye vituo vyao vya kwanza, na wanafunzi wakawa wanavitafuta kwa ajili ya alama. Baadaye alama hizo ziliondolewa, na tangu mwaka 2024 mpango wenyewe hautumii tena matokeo ya masomo wala mtihani wa kupima maamuzi ya mtu akiwa kazini; mwombaji hutaja anakotaka na kompyuta humpa namba kwa bahati. Sisemi tufuate utaratibu huo. Nasema wenye uzoefu wa miaka mingi waliona jinsi alama zinavyobadilisha sababu ya mtu kufanya jambo. Mwanafunzi anayekwenda kijiwe cha bodaboda kwa ajili ya alama ataacha kwenda akishazipata, na Desemba itabaki palepale.

Kuna hoja kwamba haya yote hayana faida kwa kuwa ajira nyingi za serikali hupitia mchujo wa maandishi, ambako hakuna anayesoma kumbukumbu za mtu. Ni kweli kwa hatua ya mchujo. Lakini baada ya mchujo yapo mahojiano, na huko swali la "tueleze jambo ulilolisimamia" ni la kila siku. Zipo pia hospitali za mashirika ya dini, kama Nkinga kule Igunga na Kabanga kule Kasulu, yapo mashirika yanayohudumia wakimbizi, na zipo nafasi za masomo ya juu zinazodai barua ya maelezo binafsi. Tena tangazo la kazi hudai wadhamini watatu wa kuaminika, na mhitimu huandika jina la mhadhiri aliyewafundisha wanafunzi mia tatu na ambaye hamkumbuki. Mwenye kurasa zilizotiwa sahihi tayari anawajua wadhamini wake, na wao wanajua watasema nini simu ikipigwa.

Ipo hatari moja ambayo sitaki kuipita. Mwanafunzi akiambiwa atunze ushahidi, hukimbilia simu na kupiga picha. Nimeona picha za wanafunzi wakitabasamu kando ya kitanda cha mtoto mwenye utapiamlo, uso wa mtoto ukionekana wazi, zimewekwa mtandaoni kama ushahidi wa kujitolea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Hata sheria isingekuwapo, mama wa mtoto yule hakumleta hospitalini awe pambo la wasifu wa mtu. Ukurasa wa kumbukumbu hauhitaji jina la mgonjwa, wala namba ya faili, wala kijiji alikotoka. Unahitaji kile alichokifanya mwanafunzi, na hilo lazima lifundishwe siku ile ile daftari linapogawiwa.

Wasimamizi wenzangu watasema hawana muda, na ninawaelewa, maana nami husimamia wodi yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda. Lakini tumeshazoea kumtia mwanafunzi sahihi ya sindano kwa sekunde chache. Kusoma mistari kumi na kuandika "nilimwona akifanya hivi" kunachukua dakika mbili, mara mbili au tatu katika fildi nzima. Wanaopaswa kuulizwa zaidi ni vyuo. Mwanafunzi wa Tabora au Kigoma anayesomea udaktari Mwanza, Moshi, Dodoma au Dar es Salaam hukaa miaka mitano chuoni, kisha mwaka mmoja wa utarajali, na katika muda wote huo huenda asiwe na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kumwuliza: umefanya nini mwaka huu ambacho hakimo kwenye matokeo yako? Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimepangiwa kampasi Kigoma kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Kampasi changa haina mazoea ya kuvunja. Ningefurahi kuiona ikianza na mlezi mmoja wa kumbukumbu kwa kila kundi la wanafunzi, ambaye anaketi na kila mmoja mara moja kwa muhula, kwenye benchi, na maswali yale matano.

Gharama ya kuchelewa nimeiona kwa macho. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka, kipindupindu kikazuka, na MV Liemba ikawa inawasafirisha kwa awamu hadi Kigoma mjini, ambako walipokelewa katika uwanja wa Lake Tanganyika. Ninamfahamu tabibu mmoja ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi na alijitolea pale uwanjani kuwachanganyia wagonjwa maji ya ORS na kuwanywesha. Alipoomba nafasi katika shirika linaloshughulika na dharura za magonjwa ya mlipuko, waliandika wanahitaji mwenye uzoefu wa kipindupindu. Hakuwa na karatasi hata moja, na msimamizi wake wa wakati ule alikuwa ameshafariki. Aliandika "sina" katika kisanduku hicho.

Binti wa Sikonge alirudi wiki mbili baada ya matokeo, kwa kuwa nilimwomba aje na lile daftari. Ni daftari la kurasa mia moja, jalada lake limefungwa kwa gundi ya karatasi, na ndani mna safu nne: jina, simu, tarehe ya mwisho, tarehe ya kurudi. Pembeni mwa majina kuna maandishi madogo ya kalamu ya risasi: "anaogopa sindano, aje na rafiki", "apigiwe baada ya swala ya isha", "amepata ujauzito, asipigiwe hadi amalize kunyonyesha." Nilimwonesha ukurasa huo nikamwuliza nani alimfundisha kuandika hivyo. Akasema hakuna, aliona tu kwamba bila maandishi hayo watu hawarudi. Nikampa kalamu. Sentensi ya kwanza ilituchukua karibu saa nzima.